Tumbaku ya Maharage ya Sista Paskalina

Mwanamke yeyote wa Gitting aliyejifungua katika miaka thelathini iliyopita alizalishwa na Sista Paskalina au alifokewa naye, na wengi walipata vyote viwili siku moja. Hakuwa sista wa kanisa. Alikuwa nesi wa zahanati, mwenye mume aitwaye Yohanes, watoto wanne walioshika miji yao, na ng'ombe watatu. Lakini huku nesi huitwa sista, na huyu aliitwa hivyo kwa woga zaidi kuliko kwa heshima. Hayo anayasema mwenyewe. Tangu apate nafuu, Paskalina amepata ugonjwa mwingine wa kujisema, na karibu yote yaliyomo humu yametoka kinywani mwake, tena bila kuombwa.

Mada aliyoipenda kufokea ilikuwa tumbaku. Asubuhi za kliniki alisimama mbele ya benchi la kina mama, mikono kiunoni, akawaambia kwamba mjamzito anayebwia ugoro anamlisha na mtoto tumboni, kwamba ugoro unaharibu fizi, unapandisha presha, na unamfanya mtu mzima anuke kama mbuzi dume. Bibi aliyekutwa na kopo la ugoro kwenye kanga alinyang'anywa hadharani. Kisha Sista aliingia stoo ya dawa, akafunga mlango, akavuta mdomo wa chini, akaweka pale ubano mmoja wa ule ugoro aliounyang'anya. Ukiwa mzuri, alimrudishia bibi kopo likiwa nusu.

Alianza mwaka wa tisini na tatu, siku ya uzazi mgumu uliomweka wima tangu alfajiri hadi jioni. Mama mkwe wa mzazi, bibi mmoja kutoka Dongobesh, alimwona nesi anasinzia akiwa amesimama, akampa ubano. Mtoto alizaliwa salama na nesi akazaliwa upya. Kuanzia hapo hakuweza kushika zamu bila ugoro. Hakuunusa, kwa sababu pua husema kwa chafya. Aliuficha chini ya mdomo na kutemea kitambaa kilichokaa mfukoni mwa gauni jeupe. Ilipokuja korona na kila mtu akaamriwa kuvaa barakoa, wenzake walilalamika kwamba wanakosa hewa. Paskalina anasema ile ndiyo miaka aliyofanya kazi kwa raha kuliko yote.

Kununua ndiko kulikokuwa na kazi. Katika maduka ya Gitting asingethubutu, kwa hiyo kila mwezi alisafiri hadi Endasak, kwenye duka la Raudha, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walikuja na biashara ya chumvi na vitenge wakabaki. Raudha hakuuliza maswali. Lakini siku moja ya mwanzoni kabisa, Paskalina akiwa ameshanyoosha mkono kupokea, aligeuka akakutana uso kwa uso na Efrazia, mke wa katekista wa parokia yao.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mbona huku? Na tumbaku tena?"

"Milele amina. Ni ya maharage," alijibu Paskalina. Jibu lilitoka lenyewe. Bwana shamba mmoja aliwahi kusema kwamba maji ya tumbaku huua wale wadudu weusi wanaofyonza maharage, na Mungu alimkumbusha dakika ileile.

Efrazia akaitikia kwa kichwa taratibu. "Mimi nimefuata ya ng'ombe. Ana ruba puani." Ng'ombe wakinywa maji ya bwawani huingiwa na ruba, na watu humwagia maji ya tumbaku puani ili ruba aachie. Basi kila mmoja akamsifu mwenzake kwa bidii ya mifugo na kilimo, wakaagana.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Paskalina ilikuwa ndefu, na ilimlimisha. Kwa kuwa alishasema ni ya maharage, ilibidi maharage yapuliziwe, maana Efrazia angeweza kupita. Akaanza kununua vitu viwili: kifurushi cha majani makavu cha kubeba mkononi kila mtu akione, na karatasi ndogo ya ugoro laini wenye magadi wa kuficha kifuani. Majani aliyaloweka, akachuja, akatia sabuni kidogo, akapulizia kwa ufagio wa nyasi. Alifanya hivyo kwa aibu tupu. Lakini maharage hayajui aibu, yakastawi. Wadudu walihamia kwa majirani, na majirani wakaja kuuliza. Misimu miwili haikupita, Sista alikuwa na kikundi cha wanawake arobaini anaowafundisha kuloweka tumbaku, wavae mifuko ya nailoni mikononi kwa kuwa ile ni sumu, na wasichume mboga kabla ya siku kadhaa. Alikuwa mtu pekee wa kata ile aliyekataza tumbaku asubuhi na kuifundisha jioni, kwa sauti ileile.

Alistaafu akiwa na miaka sitini. Wakamfanyia sherehe kwenye uwanja wa zahanati, wakamvika shuka, wakampa sufuria sita na cheti chenye fremu. Mtendaji wa kata akasimama akasema mengi, mwisho akasema hivi: "Sista wetu hajawahi kuonja hata ugoro. Ametufundisha kwa mfano." Watu wakapiga makofi. Paskalina, ubano ukiwa mahali pake chini ya mdomo, alishindwa hata kutabasamu kwa kuogopa utaonekana. Jioni hiyo alikwenda chooni akalitumbukiza kopo shimoni. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba amekoma, na kweli alikoma. Kwa wiki tatu alikuwa na hasira, kichwa kinamgonga, hakusikia la mtu. Hakuna aliyegundua tofauti.

Mwezi wa pili baada ya hapo tumbo likaanza.

Mwanzoni alisema ni chakula kibaya. Kisha ikawa damu na kamasi, mara tano kwa siku, mara nane, mara kumi na mbili. Nesi wa miaka thelathini kazini hawezi kwenda kuulizwa na watoto wa juzi, kwa hiyo alijitibu ameba mwenyewe, dozi nzima, akaongeza na nyingine. Haikusaidia. Kila alipokimbia chooni alikumbuka kwamba kopo lake liko mle chini, na kwamba Mungu, kama ana tabia ya kutania watu, hapa alikuwa amepata nafasi. Sketi ilianza kushikiliwa na pini. Viganja vilipauka, na viganja vinavyopauka aliwahi kuviona kwa wagonjwa wengi mno asijue vinakoelekea.

Hatimaye Yohanes, mtu asiyesema sana, alikwenda mwenyewe kumwita Patriki. Patriki ndiye daktari wa kituo cha afya. Zamani alikuja kwa Paskalina kujifunza kazi akiwa kijana mwembamba anayeogopa damu, na Paskalina alimfundisha kwa njia yake, yaani kwa kelele. Aliwahi kumchania fomu ya mgonjwa mara tatu kwa siku moja. "Historia ya mgonjwa ndiyo nusu ya dawa," alimwambia. "Muulize kila mtu kila kitu. Akija askofu, muulize kama anakunywa, kama anavuta, kama ana wanawake. Mficha uchi hazai, na wewe usimsaidie kuuficha."

Sasa Patriki yuleyule alikaa kwenye kigoda sebuleni kwake, fomu juu ya goti.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Haya, fanya kazi."

Akauliza siku, akauliza damu, akauliza homa. Alipofika kwenye mstari wa pombe na tumbaku, kalamu yake haikusimama. Aliandika "Hatumii" bila kuinua macho, kwa sababu ni nani angemuuliza Sista Paskalina swali kama lile, mbele ya mume wake, chini ya cheti chenye fremu. Paskalina aliiona kalamu ikiandika. Aliweza kusoma herufi hata zikiwa kichwa chini. Alijua kwamba hapo ndipo angemchania mtu fomu. Badala yake akaomba maji ya kunywa.

Patriki akatibu ameba. Kinyesi kikapimwa, hakikuwa na kitu. Akabadili dawa, akapima tena, hakikuwa na kitu. Miezi ikapita. Akasema afadhali waende hospitali kubwa upande wa Mbulu, Paskalina akakataa. Sababu aliyotoa ni basi: saa zote zile bila choo, na konda atakayesimamisha gari kila baada ya kona ili bibi mtu mzima akachuchumae kwenye mahindi ya watu. Sababu ya kweli ni kwamba huko wangemuuliza upya, na mgeni asiyemjua angeuliza yote. Alikuwa tayari kufa akiwa na cheti chake. Leo akilisema hilo hucheka, lakini huacha kucheka katikati.

Nyumbani kwake mtandao wa simu unashika vizuri sehemu moja tu, nayo ni chooni, na huko ndiko alikokuwa akiishi. Asubuhi moja akiwa kwenye ofisi hiyo mpya, alianza kutafuta maneno ya ugonjwa wake, akisoma Kiingereza cha kinesi, taratibu, kidole juu ya mstari. Ndipo akakuta jambo lililomfanya asahau kilichompeleka. Kuna ugonjwa wa utumbo mpana kuvimba na kutoa vidonda, si kwa wadudu, bali kwa askari wa mwili wenyewe kugeukia nyumba yao. Ugonjwa huo, wataalamu wameona, huwapata wavuta sigara kwa uchache, na baadhi ya watu huwaanza baada ya kuacha. Wanahisi ile nikotini iliyomo kwenye tumbaku huzungumza na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, na mshipa huwaambia wale askari watulie.

Paskalina anakiri kwamba la kwanza alilohisi ni furaha, tena furaha kubwa. Kumbe ilikuwa dawa! Miaka thelathini na mmoja alikuwa akijitibu bila kujua! Hapohapo alianza kutunga hotuba. Aliona mtendaji wa kata amekaa kimya, aliona wale bibi aliowanyang'anya wanarudishiwa makopo yao moja moja kwa majina. Alishainuka kutafuta nauli ya Endasak. Tumbo likamrudisha kukaa.

Akasoma tena, safari hii yote. Chini kabisa iliandikwa kwamba daktari asipojua kama mgonjwa alitumia tumbaku na aliacha lini, anaweza kuchelewa kuwaza ugonjwa huu. Hapo furaha ikamtoka. Patriki hakuwa mjinga. Patriki alikuwa anapiga risasi kwenye kichaka ambacho yeye Paskalina alimwonyesha kwa kidole, huku akijua mnyama yuko kwingine. Akatazama viganja vyake. Aliogopa, na kwa mara ya kwanza aliogopa kufa kuliko kuchekwa.

Kesho yake Yohanes alimkokota hadi kituoni. Patriki alisimama kumpisha kiti chake mwenyewe. Paskalina alikataa, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akamwambia Yohanes abaki.

"Leta ile fomu yangu ya kwanza," alisema.

Patriki akaileta.

"Kuna swali ulilijaza bila kuniuliza. Niulize."

"Lipi, Sista?"

"Unalijua. Nilikufundisha mimi."

Patriki aliipitia fomu kwa kidole hadi kwenye mstari wa tumbaku. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Sista," alisema, "unatumia tumbaku?"

"Uliza vizuri. Au uliwahi."

"Au uliwahi kutumia?"

"Ugoro. Chini ya mdomo. Miaka thelathini na mmoja, kila siku, hata siku ninakuchania zile fomu. Niliacha jioni ya sherehe yangu, na mwezi wa pili tumbo likaanza. Andika."

Patriki aliandika. Yohanes alikuwa anatazama ukuta wenye bango la chanjo, na hakuna aliyejua anawaza nini. Nje, mizani ya watoto ilisikika ikiyumba. Paskalina alingoja aibu imuue pale alipokaa. Haikumuua. Alishangaa kwamba alikuwa anahisi njaa.

"Kosa ni langu," Patriki alisema. "Uliniambia niulize hata askofu."

"Ndiyo."

"Nilishindwa kukuuliza wewe. Ningejua hili, ningewaza utumbo wenyewe tangu mwezi wa kwanza. Ile hospitali ningekupeleka kwa nguvu."

"Basi tumeshirikiana," alisema Paskalina. "Sasa niambie. Nimesoma kwamba kile kitu kinatuliza utumbo. Nirudie?"

Aliuliza kwa utani, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Patriki alikuwa mwanafunzi wake kweli, kwa hiyo hakumjibu kwa kumfurahisha. Alimweleza kwamba uchunguzi mwingi ni wa wavuta sigara. Kuna waliojaribiwa kwa vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, baadhi wakapata nafuu, wengi wakapata kichefuchefu na kizunguzungu, na dawa za kawaida za ugonjwa huo zikabaki kuwa bora. Nikotini inaweza kuwa na la kutufundisha kuhusu uvimbe wa mwili, na wataalamu bado wanalifuata, lakini hakuna anayemwandikia mgonjwa tumbaku.

"Na ugoro?"

"Waliofuatilia watu wa ugoro kule Ulaya hawakuona wazi kwamba unakinga."

Paskalina akacheka hadi akashika tumbo. Miaka thelathini na mmoja ya dhambi, na hata kwenye kisingizio amekosa namba. "Kwa hiyo mimi nilikosea hata aina," alisema.

"Hatujui hata kama kuacha ndiko kulikoanzisha, Sista. Inawezekana. Inawezekana pia ni bahati mbaya tu. Lakini sasa najua pa kutafuta."

Akaandika rufaa. Wakapanda basi la Mbulu siku ya tatu yake, Paskalina akiwa amefunga kula tangu jana yake, na konda akasimamisha gari mara nne, na mahindi ya watu yakamsitiri. Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. Hospitali kubwa walimwongezea damu, wakamwingiza kamera sehemu ambayo anasema ndiyo pekee iliyokuwa bado na heshima yake, wakakuta vidonda vilevile alivyovisoma chooni. Akapewa vidonge vya kutuliza utumbo. Wiki ya sita alikwenda choo mara mbili tu kwa siku, akampigia simu Patriki kumtangazia. Patriki anasema alikuwa kwenye kikao, na kila mtu alisikia.

Kwa Yohanes ndiko kulikobaki. Alikuwa hajasema neno kuhusu ugoro tangu siku ile ya fomu. Walipokuwa wanapalilia, akasimama akaegemea jembe, akatazama maharage, ambayo msimu ule yalikuwa yamejaa wadudu weusi kuanzia shina hadi ua.

"Kwa hiyo tumbaku haikuwa ya maharage," alisema.

"Majani yalikuwa ya maharage. Ugoro ulikuwa wangu."

Yohanes akafikiri. "Basi yale majani uliachia nini? Maharage yalikukosea nini?"

Ilikuwa kweli. Aliacha vyote viwili jioni moja, na wote wawili, yeye na shamba, wakaugua. Akaoga, akapanda bodaboda kwenda Endasak.

Raudha alipomwona alifurahi, akamuuliza hali, akamwambia amekonda. Kisha, bila kuagizwa, aliweka kwenye meza ya duka kifurushi cha majani, akainama, akatoa chini ya meza karatasi ndogo iliyokunjwa, akaiweka juu ya majani kama alivyofanya miaka yote. Harufu ya magadi na tumbaku laini ikapanda. Mate yalimjaa Paskalina mdomoni. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba baada ya mwaka mzima ugoro ungekuwa bado unamjua kwa jina.

"Hii rudisha," alisema, akaisukuma karatasi kwa kidole kimoja. "Leo ni ya maharage tu."

"Siku zote ni ya maharage, Sista," alisema Raudha, bila hata kutabasamu.

Paskalina alikuwa bado anacheka alipogeuka na kumwona Efrazia mlangoni, mke wa katekista, sasa mtu mzima mwenye fimbo. Macho ya Efrazia yalikuwa kwenye ile karatasi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Efrazia."

"Milele amina. Mimi nimefuata ya ng'ombe," alisema Efrazia haraka, kabla hajaulizwa. "Ana ruba."

Katekista aliuza ng'ombe wake wa mwisho mwaka juzi. Parokia nzima ilijua. Paskalina alimtazama yule mwanamke ambaye yeye alimwogopa miaka thelathini na mmoja, akautazama mdomo wake wa chini, akatambua kwamba hakuwahi kujiuliza hata mara moja mke wa katekista alikuwa anafuata nini Endasak siku ile, mbali kote huko. Akajiona mpumbavu, akampenda.

"Mimi nilikuwa nakula ugoro, mama," alisema, kwa sauti yake ileile ya kliniki, mbele ya Raudha na wateja wawili. "Miaka yote. Nikaugua, nikaficha, nusura nife."

 Mkono wa Efrazia uliokuwa umeshika fimbo ulilegea kidogo.

"Ukienda kituoni, Patriki akikuuliza, mwambie," alisema Paskalina, akibeba majani yake. "Na asipokuuliza, maana wewe hatakuuliza, mwambie hivyohivyo."